Kikishinda, Hufukuzwa: Katamarani na Sheria za Mbio za Baharini

Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 2013, saa tano na ushei usiku kwa saa zetu, nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta nikiitazama ghuba ya San Francisco, ambako ilikuwa mchana mweupe. Katamarani mbili za mita 22 zilikuwa zinashindania Kombe la Amerika. Ile ya Emirates Team New Zealand ilikuwa imetangulia mbali, na matokeo hadi hapo yalikuwa 8 kwa 2. Walihitaji pointi moja tu wafikishe 9 na kuondoka na kombe linaloshindaniwa tangu 1851. Tatizo lilikuwa upepo. Ulikuwa umelegea, na sheria ilisema mbio isizidi dakika 40. Dakika hizo zilipotimia Wanyuzilandi walikuwa bado hawajafika mwisho, na mbio nzima ikafutwa. Baadaye mchana uleule upepo ukaamka, mbio ikarudiwa, na Wamarekani wa Oracle wakaichukua. Wakachukua iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka tarehe 25 Septemba walipomaliza sekunde 44 mbele na kombe likabaki kwao, 9 kwa 8.

Sijawahi kuiita dhuluma. Kikomo kile kilikuwa kimeandikwa, na pande zote mbili ziliingia majini zikikijua. Lakini tangu usiku ule siwezi kutazama mbio za katamarani bila kuuliza kwanza sheria zinasemaje, kwa sababu katika mchezo huu karatasi hutangulia maji. Nakwenda mbele zaidi: historia ya katamarani katika mashindano makubwa ni historia ya chombo kinachoshinda kisha kikafukuzwa kwa sheria. Na ligi ya SailGP, ambayo wapenzi wengi wa zamani wa mchezo huu wanaibeza, ndiyo nyumba ya kwanza kubwa iliyojengewa chombo hiki kwa hiari.

Kwa msomaji ambaye hajazoea jina hili, katamarani ni chombo cha bodi mbili zilizounganishwa kwa maboriti, katikati wazi. Aliyewahi kupanda boti za mwendo kasi za Kilimanjaro kati ya Dar es Salaam na Unguja amepanda katamarani, ila zile zinasukumwa na injini. Jina lenyewe limetoka Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Ngalawa yetu ni ndugu yake wa karibu: gogo moja lililochongwa, na mirengu miwili ubavuni kuizuia isilale. Anayejua kwa nini ngalawa ina mirengu ameshajua nusu ya siri ya katamarani.

Nusu hiyo ni hii. Tanga linapovuta upepo, chombo hutaka kupinduka. Jahazi huzuia hilo kwa uzito: farumi chini, shehena juu yake. Yoti za mashindano za bodi moja zimefanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, zikibeba tani za risasi kwenye mkuku. Katamarani haibebi kitu. Inasimama kwa upana wake, bodi ya upande wa demani, kule upepo unakokwenda, ikielea na ile ya joshini, kule unakotoka, ikining'inia kama mtu aliyekaa mwisho wa bembea. Chombo kisichobeba uzito wa bure, na chenye bodi nyembamba zinazopasua maji kama kisu, lazima kikimbie kuliko kinachobeba risasi. Hakuna uchawi hapo.

Nusu ya pili ni ngumu kidogo kuamini. Mpanda bodaboda siku ya shwari huhisi upepo usoni, na upepo huo ameutengeneza yeye kwa mwendo wake. Katamarani nyepesi hufanya hivyo pia: kadiri inavyokimbia inajitengenezea upepo mwingine, unaochanganyika na ule wa Mungu na kuja kutoka mbele zaidi. Ndiyo maana tanga lake hukazwa karibu muda wote, hata linapoelekea kule upepo unakokwenda, jambo ambalo nahodha wa mashua ya Lamu angeliona kinyume kabisa. Na ndiyo maana inaweza kwenda kwa kasi mara mbili, hata tatu, ya upepo unaoisukuma.

Sasa turudi kwenye kufukuzwa. Mwaka 1876, mjenzi wa vyombo Nathanael Herreshoff alileta New York katamarani aliyoiita Amaryllis. Iliwapita wenzake wote. Wenye vyombo vilivyoachwa nyuma walilalamika, Amaryllis ikaondolewa kwenye matokeo, na katamarani zikafungiwa mlango wa mashindano ya kawaida. Herreshoff hakuwa mbabaishaji. Ndiye aliyekuja kusanifu vyombo kadhaa vilivyolilinda Kombe la Amerika, vyote vya bodi moja. Fikiri maana yake: fundi bora wa zama zake alionyesha njia ya kasi, na mchezo ukachukua zaidi ya miaka mia moja kuifuata.

Ulipoifuata, uliifuata kwa ugomvi. Mwaka 1988, Mnyuzilandi Michael Fay alidai mbio za Kombe la Amerika kwa kutumia maneno ya hati asili ya kombe, akaja San Diego na chombo kikubwa mno cha bodi moja. Dennis Conner, Mmarekani aliyekuwa akililinda kombe, naye akaisoma hati ileile, akaona haikusema popote kwamba mlinzi wa kombe asitumie katamarani. Akajenga moja ndogo, Stars & Stripes, yenye tanga gumu mithili ya bawa la ndege, akashinda 2 kwa 0 bila jasho. Kesi iliyofuata ilidumu mahakamani New York mpaka 1990. Mahakama ya kwanza iliwanyang'anya Wamarekani kombe, za juu zikawarudishia. Kwa wengi jina la katamarani likabaki limechafuka, kana kwamba kosa lilikuwa la chombo na si la watu wawili waliokataa kukubaliana.

Olimpiki nayo ilikuwa imeshaipokea tangu 1976 kupitia Tornado, katamarani ya Kiingereza iliyosanifiwa na Rodney March. Reg White, mmoja wa waliohusika katika kuizaa, ndiye aliyechukua dhahabu ya kwanza akiwa na John Osborn. Kwa miaka 32 Tornado ilikuwa chombo chenye kasi kuliko vyote katika Olimpiki. Kisha Novemba 2007 shirikisho la kimataifa likapiga kura kuhusu vyombo vya London 2012, na nafasi ya vyombo vya bodi nyingi ikafutwa. Beijing 2008 ikawa ya mwisho. Chombo chenye kasi kuliko vyote ndicho kilichotolewa. Sijasikia sababu iliyonitosheleza mpaka leo. Nafasi zilikuwa chache, kila aina ya chombo ilikuwa na watetezi wake ndani ya ukumbi, na Tornado ikakosa kura.

Ndipo linapoingia suala la Kombe la Amerika la 2013, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila jema na kila baya la mchezo huu lilionekana ndani ya mwaka mmoja.

Larry Ellison, bilionea wa Oracle, alikuwa ameshinda kombe mwaka 2010 huko Valencia kwa trimarani, chombo cha bodi tatu, dhidi ya katamarani ya Waswisi wa Alinghi. Akiwa mlinzi wa kombe, yeye na nahodha mkongwe Russell Coutts waliamua kwamba toleo la 34 lishindaniwe kwa katamarani za futi 72, zenye tanga gumu la kimo cha takriban mita 40. Sheria ya chombo ilijaribu kuzuia kuruka juu ya maji. Foili, yaani yale mabawa madogo yanayozama chini na kuinua chombo kama ndege inavyoinuliwa hewani, zilibanwa kwa masharti. Waandishi wa sheria waliamini hakuna atakayeweza kuruka kwa utulivu ndani ya masharti hayo.

Wanyuzilandi waliisoma sheria kwa subira ya mvuvi. Walichonga ubao wa kuzamisha wenye ncha iliyokunjwa kwa pembe maalumu, kiasi kwamba chombo kikiinuka sana foili yenyewe hupoteza sehemu ya nguvu ya kuinua, kikishuka inairudisha. Utulivu ukapatikana bila kifaa kilichokatazwa. Mwaka 2012 chombo cha tani karibu 6 kilionekana Auckland kikikimbia juu ya maji, bodi zote mbili hewani. Oracle ilibidi waanze kukimbizana na wazo lililozaliwa upande wa pili wa dunia.

Mbio hizo za siri zina gharama, na moja haikuwa ya fedha. Tarehe 9 Mei 2013, katamarani ya Artemis, timu ya Sweden, ilivunjika na kupinduka mazoezini katika ghuba ya San Francisco. Andrew Simpson, Mwingereza aliyekuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Beijing pamoja na Iain Percy, alinaswa chini ya mabaki na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 36. Baada ya hapo yalitolewa mapendekezo 37 ya usalama, na kikomo cha upepo kikashushwa. Kila nikisikia mtu akisema mchezo huu ni wa matajiri kujifurahisha, namkumbuka Simpson. Waliokuwa juu ya vyombo vile walikuwa wafanyakazi, mabaharia wa kulipwa, na walipewa chombo ambacho hakuna aliyekuwa amekimaliza kukielewa.

Timu zilizojitokeza kumpinga Oracle zilikuwa tatu tu, kwa sababu gharama ziliwashinda wengine. Serikali ya Nyuzilandi iliweka dola milioni 36 za nchi yake. Na kabla ya mbio ya kwanza, waamuzi waliwakata Oracle pointi 2 kwa kuongeza uzito kinyume cha sheria kwenye katamarani ndogo walizotumia katika mashindano ya utangulizi. Hivyo Wamarekani walihitaji kushinda mara 11 ili wapate 9. Karatasi, tena. Walishinda mara 11. Nahodha Jimmy Spithill alimwingiza Ben Ainslie badala ya John Kostecki kama mpanga mbinu, mafundi wakakesha wakirekebisha chombo, na kufikia wiki ya mwisho Oracle walikuwa wameshajua kuruka hata wakibisha kuelekea upepo unakotoka. Hapo ndipo walipowapita Wanyuzilandi, nami sikubaliani na wanaosema Dean Barker, nahodha wao, alitetereka. Chombo chake ndicho kilichopitwa, katikati ya mashindano, kwa kasi ya kujifunza ambayo sijaona mfano wake katika mchezo wowote.

Ushindi wa kulipiza ulikuja Bermuda mwaka 2017, kwa katamarani ndogo za futi 50. Wanyuzilandi walifanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria natabasamu. Mabaharia wa katamarani huzungusha winchi kwa mikono ili kupata nguvu ya mafuta ya haidroliki inayoendesha foili na tanga. Wao waliweka baiskeli. Watu wanne wakapiga pedali, mmoja wao Simon van Velthooven, mwendesha baiskeli mwenye shaba ya Olimpiki ya London. Miguu ina nguvu kuliko mikono, nayo mikono ikabaki huru. Peter Burling, kijana wa miaka 26, akashika usukani, Glenn Ashby akawa nahodha na kulitawala tanga. Walipinduka vibaya katika nusu fainali, wakakitengeneza chombo, wakarudi na kushinda fainali 7 kwa 1.

Na baada ya kushinda kwa katamarani, walifanya nini? Waliifukuza. Mshirika wao Luna Rossa wa Italia, aliyejitoa 2015 kwa hasira ya vyombo kubadilishwa, alitaka bodi moja irudi, na ikarudi. Kombe la 2021 na la 2024 yalishindaniwa kwa AC75, vyombo vya bodi moja vinavyoruka kwa mikono miwili ya foili ubavuni. Vyombo hivyo ni vya ajabu, sitabisha. Ila elimu ya kuruka vimeirithi kwa katamarani, na ile foili inayotolewa nje upande mmoja na kuingizwa upande mwingine, kwa macho ya mtu wa pwani hii, ni mrengu.

Hapo ndipo Ellison na Coutts walipochukua katamarani zilizoachwa Bermuda na kuanzisha SailGP. Ligi ilianza Sydney Februari 2019 ikiwa na nchi sita. Chombo chake, F50, kina urefu wa mita 15 na mabaharia sita upepo unapokuwa wa kutosha: mshika usukani, msimamizi wa tanga, msimamizi wa foili, wapiga winchi wawili na mpanga mbinu. Mwaka 2025, huko Sassnitz, Ujerumani, Wadenmark walifikia zaidi ya kilomita 103 kwa saa. Kasi hiyo haina injini ndani yake.

Lakini kasi siyo iliyonivuta. Kilichonivuta ni sheria mbili. Ya kwanza: vyombo vyote ni mali ya mfumo mmoja, vimejengwa sawasawa, na hakuna timu inayoruhusiwa kuchonga foili yake mafichoni. Ya pili ndiyo kubwa. Kila chombo kimejaa vihisio vinavyorekodi pembe ya tanga, kina cha foili, mzunguko wa usukani, kasi na urefu wa kuruka, na kumbukumbu hizo zote ziko wazi kwa timu zote. Aliyemaliza wa mwisho Jumapili anaweza Jumatatu kufungua rekodi za mshindi na kuona alikaza tanga kiasi gani sekunde tatu kabla ya kuzunguka boya.

Wapo wanaoona hili linaua mchezo. Hoja yao ina uzito na naipa haki yake: foili za Auckland zilizaliwa kwenye siri na ushindani wa mafundi, pedali za Bermuda vilevile, na SailGP peke yake isingevumbua hata kimoja. Ni kweli. Tena usawa una hatari yake. Machi 2025 tanga la Australia lilivunjika San Francisco, ukaguzi ukaonyesha hitilafu ya ujenzi ndani ya matanga, na kwa kuwa matanga ni ya aina moja, kosa la moja lilikuwa shaka juu ya yote. Mbio za Rio de Janeiro za mwezi Mei zikafutwa. Katika mashindano ya zamani angeumia mmoja, wengine wakaendelea.

Hata hivyo nawaomba wenye hoja hiyo waangalie uvumbuzi ulianzia wapi hasa. Tanga gumu halikuvumbuliwa na mabilionea wa San Francisco. Lilikuzwa kwa miongo na watu wa C-Class, katamarani za futi 25 ambazo sheria yao ni fupi na inaacha karibu kila kitu huru. Glenn Ashby, kabla ya Bermuda, alikuwa bingwa wa dunia mara nyingi wa A-Class, katamarani ya mtu mmoja ambayo uzito wake wa chini kabisa ni kilo 75. Uvumbuzi una nyumba yake, na ni nyumba ndogo, ya bei nafuu zaidi, ambako kosa humwangusha mtu majini akaogelea. Sioni sababu ya kuulazimisha uishi kwenye chombo cha tani kadhaa chenye watu kumi na mmoja juu yake.

Na kuna jambo lingine ambalo usawa umelifanya, ambalo siri isingelifanya. Umeonyesha nani anajua bahari. Tom Slingsby wa Australia alishinda misimu mitatu ya kwanza mfululizo. Kama angekuwa na chombo chake mwenyewe, tungebishana milele kama ni yeye au ni chombo. Kwa F50 ubishi huo haupo. Kisha msimu wa nne, Julai 2024, timu ya Hispania ya Diego Botín, ambayo mwanzoni ilikuwa ya kuburuta mkia, ikawafunga Australia na Nyuzilandi kwenye fainali ya San Francisco na kuchukua dola milioni 2. Vijana wale walikuwa wamejifunza kwa kusoma rekodi za waliowashinda. Wiki chache baadaye Botín na mwenzake Florian Trittel wakachukua dhahabu ya Olimpiki huko Marseille katika chombo kingine kabisa.

Olimpiki nayo ilijirekebisha, na sifa lazima itolewe inapostahili. Katamarani ilirudi Rio 2016 kwa sura ya Nacra 17, yenye masharti kwamba mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume. Dhahabu ya kwanza ilikwenda Argentina, kwa Cecilia Carranza na Santiago Lange. Lange alikuwa na miaka 54, na mwaka uliotangulia alikuwa amekatwa sehemu ya pafu kwa sababu ya saratani. Ndiye huyohuyo aliyekuwa na shaba mbili za Tornado za 2004 na 2008, mtu aliyefukuzwa pamoja na chombo chake akasubiri mlango ufunguliwe tena. Tangu Tokyo, Nacra inaruka kwa foili, na Waitaliano Ruggero Tita na Caterina Banti wameshinda mara mbili mfululizo.

Kitu ambacho SailGP haijakitatua ni mlango wa kuingilia, na hapa siwezi kuitetea. Timu sasa ni mali inayouzwa. Mwaka 2025 waigizaji Hugh Jackman na Ryan Reynolds waliingia kwenye umiliki wa timu ya Australia, na Sebastian Vettel wa mbio za magari yuko katika timu ya Ujerumani. Hakuna timu ya nchi ya Afrika. Kumbukumbu zikiwa wazi, mtoto wa Nungwi au wa Shela mwenye intaneti anaweza kuijua mbinu ya Slingsby, lakini kujua pembe ya foili si kushika usukani.

Mfano wa namna ya kuufungua mlango huo ninaouheshimu zaidi uko karibu na sisi. Oman, nchi ambayo majahazi yake na yetu yalibebwa na kaskazi ileile na kusi ileile kwa karne nyingi, ilianzisha mradi wa Oman Sail mwaka 2008. Hawakusubiri kuwa na mabingwa. Walinunua vyombo, wakaajiri manahodha wa kigeni, na ndani ya kila chombo wakapanda Waomani wajifunze kazi ikiendelea. Mwaka 2009 Mohsin Al Busaidi akawa Mwarabu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga bila kusimama, ndani ya trimarani iitwayo Musandam. Katika Extreme Sailing Series, ligi ya katamarani za futi 40 zilizokimbia karibu na ufukwe watu wakitazama, timu yao ya The Wave, Muscat ilichukua ubingwa 2010, 2012, 2013 na 2015. Nahodha wa ushindi mwingi huo alikuwa Mwingereza, Leigh McMillan, na wapo waliosema kwa hiyo ushindi haukuwa wa Oman. Mimi namtazama Nasser Al Mashari, aliyekuwa akifanya kazi omoni kwenye chombo kilekile, akirusha matanga ya mbele na kuyashusha kwa sekunde. Sehemu hiyo ya chombo haitoi nafasi ya kumbeba mtu wa picha. Aliyeko omo akichelewa, chombo kizima kinapinduka.

Tofauti ya Oman na ligi ya sasa ni kwamba Oman walilipia miaka ya kujifunza, wakati ligi inauza kiti kilicho tayari. SailGP imeanza kulielewa hili kwa upande wa wanawake, ikiagiza kila chombo kiwe na angalau mmoja na kuwatengenezea mafunzo. Mwanzoni wengi walipewa nafasi ya mpanga mbinu, wakikaa nyuma na kusema. Mwishoni mwa 2024 timu ya Brazil iliingia ligi ikiwa na Martine Grael kwenye usukani, mwanamke wa kwanza kulishika la F50 msimu mzima. Ana dhahabu mbili za Olimpiki, na saa zake juu ya chombo hiki zilikuwa chache kuliko za karibu kila aliyempinga.

Ndiyo, ni mtoto wa mjini katika mambo ya bahari. Baba yake Torben ana medali tano za Olimpiki. Baba yake mdogo Lars alichukua shaba mbili kwa Tornado, 1988 na 1996, kabla ya kupoteza mguu mwaka 1998 alipogongwa na boti ya injini akiwa kwenye mashindano. Rekodi zilizo wazi hazimpi mtu ukoo wa namna hiyo, na ningekuwa mwongo nikisema Grael ametokea popote. Lakini ukoo nao haukumfundisha F50, kwa sababu hakuna Grael aliyewahi kuiendesha. Miezi ya kwanza Brazil ilikuwa mkiani. Mbio za Rio, ambazo zingekuwa za kwanza nyumbani kwao, zilifutwa kwa hitilafu ya matanga ambayo haikuwa yao. Mwezi uliofuata, Juni 2025, walikwenda New York, na huko, katika bandari ambayo mwaka 1876 ilimfungia Amaryllis mlango, Grael akashinda mbio yake ya kwanza, mbele ya mabingwa ambao rekodi zao alikuwa akizisoma tangu afike.